Kipande, Korosho na Haki ya Kumwacha Tajiri

Historia ya vibarua wa kusini mwa Tanganyika husimuliwa zaidi kama historia ya ujira mdogo: kodi ya kichwa, shilingi chache, posho ya unga, makambi machafu. Hayo yote yalikuwepo. Lakini ujira ukiwa mdogo mtu huhama, na mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani yalikuwa mengi, na wenyewe hawakuacha kulalamika kwamba watu hawatoshi. Kwa hiyo swali zito zaidi ni kwa nini kibarua aliyetoka Newala, Masasi au Chidya asimwache tajiri mmoja katikati ya mwezi akahamia kwa jirani anayelipa vizuri zaidi. Hoja yangu ni kwamba kilichomfunga ni karatasi ambayo ilikuwa haijakamilika, na aliyeshika funguo za kuikamilisha alikuwa tajiri yule yule anayetaka kumwacha.

Karatasi yenyewe ni kipande. Mzizi wake uko enzi za Wajerumani: mnamo 1907 huko Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, wanaume walipewa kadi zilizowadai siku 30 za kazi kwa mlowezi kila baada ya miezi minne. Waingereza walipokuja hawakuutupa mtindo huo. Walifuta masharti yake makali, wakabaki na kadi yenyewe, na sheria yao ya mabwana na watumishi ya 1923 ikaipa kazi ya kandarasi sura rasmi. Kwenye shamba la mkonge kadi ilikuwa na nafasi 30. Mkataji aliingia mstarini alfajiri, akakata majani, akayafunga mizigo ya majani 30 kila mmoja, akaipanga kando ya njia ya toroli inayoelekea korona, yaani mtambo wa kutoa nyuzi. Mnyapara akahesabu. Idadi ikitimia, nafasi moja ilitiwa alama. Isipotimia, kwa homa au kwa mkonge kuwa mwembamba upande ule, nafasi ilibaki tupu na siku ikawa imepotea. Fedha zilisubiri kadi ijae. Ndiyo maana mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa kalenda: ungeweza kuvutika wiki sita au zaidi, na mtu aliyefikisha alama 22 alikuwa amefungwa kuliko aliyeanza jana, kwa kuwa alikuwa na mengi zaidi ya kupoteza. Kadi ya shamba hili haikumfaa kitu kwenye shamba la pili.

Linganisha na kijana aliyepita shule ya misheni ya Universities' Mission pale Chidya akatoka mwalimu au karani. Naye alilipwa kidogo, naye alikuwa na wakubwa wa kuwanyenyekea, lakini cheti chake kilisomeka kwa mwajiri yeyote kuanzia Lindi hadi Dar es Salaam. Nchini Kenya, ambako kipande cha usajili kilianza kutumika mwishoni mwa muongo wa 1910, kifungo cha karatasi kilikuwa wazi zaidi: mwanamume alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, na kisiposainiwa na tajiri wa zamani kwamba ameachiwa, tajiri mpya hakuruhusiwa kumchukua. Tanganyika haikufika huko. Ilitegemea zaidi malipo yanayocheleweshwa, na nyuma ya malipo hayo iliweka mahakama, maana kutoroka kazi ya kandarasi lilikuwa kosa la jinai. Mwenye shamba aliyevunja ahadi alidaiwa. Kibarua aliyevunja ahadi alishtakiwa.

Kuna watakaosema kwamba mwenye shamba naye alikuwa na haki yake. Alilipia nauli, blanketi na chakula cha njiani. Je, mtu akila posho ya wiki mbili kisha akahamia kwa jirani, hasara ni ya nani? Hoja hii ina uzito kwa wale walioitwa manamba, waliosafirishwa kutoka Songea, Njombe au Kigoma hadi Tanga, na ambao tangu 1944 walikusanywa na SILABU, ofisi ya kuajiri ya chama cha wakulima wa mkonge. Lakini kuwepo kwa SILABU kunaidhoofisha hoja yenyewe. Wenye mashamba walipoamua kubeba pamoja gharama za kutafuta watu, walikiri kwamba hizo ni gharama za biashara nzima, zinazoweza kugawanywa kati yao. Hapakuwa na sababu tena ya kumtwika mtu mmoja mmoja rehani ya nauli ile. Tena, kwa mashamba ya Lindi hoja haisimami hata kidogo: vibarua wengi wa huko walikuja kwa miguu yao wenyewe, bila nauli ya mtu, na bado walipewa kadi ile ile.

Pingamizi jingine ni gumu zaidi, nalo linatoka ng'ambo ya Ruvuma. Wamakonde wa Msumbiji walivuka mto kwa maelfu, hasa baada ya Wareno kuanza kulazimisha kilimo cha pamba mnamo 1938 juu ya kazi ya shokoa iliyokuwepo tayari. Wengi waliingia Tanganyika bila mkataba na bila kibali. Kama karatasi ndiyo kifungo, hawa wangepaswa kuwa huru kuliko wote, lakini ni wao waliofanya kazi ya kukata mkonge ambayo wenyeji wengi wa Newala waliikwepa. Sababu ni kwamba mwenyeji akichoka alirudi shambani kwake kwenye mihogo. Mgeni akirudi alimkuta msimamizi wa pamba na sipai, askari wa Mreno. Kwa hiyo hoja yangu inahitaji nyongeza: ili mtu amwache tajiri haitoshi karatasi kumwachia, lazima pia awe na cha kula wakati anasubiri kazi nyingine. Si ajabu kwamba vyama vya siasa vya wahamiaji hao, MANU kikiwa mojawapo, vilizaliwa nje ya Msumbiji, na kwamba MANU kiliingia katika kuundwa kwa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, mjini Dar es Salaam Juni 1962. Waliokosa pa kurudi walianza kupigania mahali pa kurudi.

Kwa mwenyeji, cha kula wakati wa kusubiri kilikuja kuwa korosho. Mradi wa karanga wa Nachingwea, ulioanza 1947 na kufa mapema miaka ya 1950, ulileta tajiri wa pili kwa muda mfupi na bandari ya Mtwara kwa muda mrefu. Mkorosho ndio ulioleta mabadiliko ya kudumu. Hustawi kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde, ambako maji yenyewe yalifuatwa chini ya mteremko kwa saa kadhaa. Hauhitaji kulimwa kila mwaka. Na zao lake huokotwa kuanzia karibu Septemba, likampa mtu fedha ya kodi bila kumwomba mnyapara alama. Kadiri mikorosho ilivyoenea katika miaka ya 1950, kadi ya nafasi 30 ilipoteza makali yake Newala kabla sheria haijaigusa. Sheria nayo ilikuwa njiani: mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1955 ulitaka adhabu za jinai kwa kuvunja mkataba wa kazi zifutwe kabisa.

Leo kipande kiko kwenye vibali. Mgeni anayefanya kazi Tanzania chini ya sheria ya ajira za wageni ya 2015 ameruhusiwa kwa mwajiri aliyetajwa katika kibali. Akitaka kuhama huanza kuomba upya, na ombi likikawia, kukawia huko humnufaisha mwajiri wa kwanza. Watanzania waliokwenda Oman walikutana na jambo hilo kwa ukali zaidi, kwa kuwa aliyetaka kuhama alihitaji barua ya mwajiri ya kutokuwa na pingamizi. Serikali zitasema zina haki ya kujua nani yuko nchini na kulinda ajira za raia wao, na haki hiyo siipingi. Lakini kujua mtu yuko wapi ni jambo moja, na kumkabidhi kwa tajiri mmoja ni jambo jingine. La kwanza linawezekana bila la pili. Oman yenyewe iliiondoa barua hiyo kuanzia Januari 2021 kwa aliyemaliza mkataba wake, na bado inajua nani yuko nchini. Asiyemaliza mkataba ndiye ambaye mlango haujamfungukia, naye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuondoka.