Ukoloni na siasa za Katanga

Lubumbashi ni makao makuu ya jimbo la Haut-Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wabelgiji walianzisha mji huo mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa ajili ya shaba.

Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi wengi kutoka eneo la Kasai. Serikali ya kikoloni ilitenga makazi ya Wazungu na ya Waafrika, ikawapanga watu kwa makabila.

Uchaguzi wa mitaa wa 1957 ulipowapa watu wa Kasai ushindi, wanasiasa wenyeji waliunda chama cha CONAKAT mwaka 1958. Tarehe 11 Julai 1960 kiongozi wake, Moïse Tshombe, alitangaza jimbo la Katanga kujitenga na Kongo, akiungwa mkono na Ubelgiji na Union Minière. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikomesha utengano huo Januari 1963.

Mgawanyiko kati ya wenyeji na wageni haukuisha: miaka ya 1992–1993 Wakasai wengi walifukuzwa Katanga. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika.