Ruhusa ya Faili: Kusoma, Kuandika, Kuendesha na Kupita

Andika amri ya ls -l kwenye kompyuta ya Linux, na kila faili itatokea ikitanguliwa na alama 10, kwa mfano -rw-r-----. Alama ya kwanza hutaja aina ya kitu: kistari kwa faili ya kawaida, d kwa saraka. Zile 9 zinazobaki husomwa tatu tatu: za mwenye faili, za kikundi, kisha za watu wengine wote.

Hizo ndizo ruhusa. Wapo wanaoziita haki za faili, na wapo wanaosema idhini. Mimi nashikilia ruhusa. Haki mtu anayo hata akinyimwa, ilhali hapa mwenye faili hutoa na kuondoa apendavyo. Idhini nayo huombwa kwa jambo fulani ikaisha na jambo lenyewe. Ruhusa ya faili hukaa palepale mpaka ibadilishwe.

Amri ya kuibadilisha ni chmod, ambayo tayari ilikuwamo katika mwongozo wa kwanza wa Unix wa Novemba 1971, mfumo uliobuniwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie huko Bell Labs, Marekani. Kusoma (r) ni 4, kuandika (w) ni 2, kuendesha (x) ni 1, kisha hujumlishwa. Ukiandika chmod 640 mishahara.csv, mwenyewe anapata 6, yaani kusoma na kuandika. Kikundi kinapata 4, kusoma tu. Wengine hawapati kitu. Asiyependa hesabu aandike chmod g-r mishahara.csv, na kikundi kitaondolewa ruhusa ya kusoma.

Herufi inayosumbua ni x. Kwa faili, maana yake ni kuendesha programu. Kwa saraka, hakuna kinachoendeshwa! Humo r huonyesha majina ya vilivyomo, w ikiandamana na x huruhusu kuongeza na kuondoa majina, na x yenyewe huruhusu kupita ili kukifikia kilichomo. Saraka yenye r bila x ni duka lililobandika orodha ya bidhaa mlangoni huku mlango umefungwa. Kuiita x "kutekeleza" kila mahali ni kumwacha mwanafunzi gizani. Tuseme kuendesha kwa faili, kupita kwa saraka.

Na hili huwashangaza wengi: kufuta faili hakutegemei ruhusa ya faili yenyewe. Jina lake limeandikwa katika saraka, hivyo mwenye w na x kwenye saraka anaweza kuifuta hata kama haruhusiwi kuisoma. Ndiyo maana /tmp, saraka ambamo kila mtu huandika, hupewa 1777. Ile 1 ya mwanzo humzuia mtu kufuta faili za mwenzake.

Kuna ushauri mbaya unaosambaa sana kwa aliyenyimwa ruhusa: chmod -R 777, yaani kuwapa wote ruhusa zote katika saraka na vyote vilivyomo. Kosa linatoweka kwenye skrini, lakini sasa kila mtumiaji na kila programu ndani ya mashine hiyo inaweza kubadili kila kilichomo. Programu ya ssh, inayotumika kuingia kwenye kompyuta ya mbali, haivumilii uzembe huo: ufunguo wa siri unaosomeka na wengine huukataa. Uwe 600.

Ukinyimwa ruhusa, anza kwa ls -l ya faili na ls -ld ya saraka yake, kisha ongeza ile tu inayokosekana.