Bega na Wayo: Upimaji wa Mwili katika Njia ya Misafara ya Tabora

Utengamao, yaani kazi ya kumrudishia mtu aliyeumia uwezo wake wa kutenda, hutegemea upimaji wa mwili unaoonyesha kiungo kina nguvu kiasi gani, kinapinda hadi wapi, na kinastahimili mzigo gani bila kuumia tena. Upimaji huo huhusishwa siku hizi na kliniki na viwanja vya michezo, lakini swali lake la msingi, kwamba mwili huu unaweza kubeba nini leo bila kuharibika kesho, lilikuwa swali la kila siku katika njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, eneo ambamo mji wa Tabora ulikua, na kuishia Ujiji. Historia ya njia hiyo inafundisha jambo ambalo vitabu vya tiba ya michezo hulitaja kwa nadra: thamani ya kipimo hutegemea sana kinapimwa kwa faida ya nani.

Katika karne ya 19, biashara ya pembe za ndovu ilipopanuka, upagazi ulikuwa kazi yenye heshima kwa Wanyamwezi, nayo ilikuwa kazi ya mwili kwa maana kamili, kwa sababu mbung'o waliua wanyama wa kubeba mizigo na bidhaa zote zikalazimika kupita begani au kichwani mwa binadamu. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe ni zaidi ya kilomita 800. Wasafiri Waingereza Burton na Speke, waliofika Kaze, katika eneo hilo la Unyanyembe, mwezi Novemba 1857, walitumia siku 134, na mwandishi wa habari Stanley mwaka 1871 alitumia siku 84. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani takriban kilo 32, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, chakula chake na silaha yake. Zilikuwapo pia siku za terekeza, mwendo wa mchana ambao msafara uliufunga ili kuvuka nyika isiyo na maji, na siku hizo mwili ulidaiwa zaidi ya kawaida.

Uwezo huo haukupatikana kwa siku moja. Burton aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wenye umri wa miaka sita au saba walikuwa tayari wakibeba kipembe kidogo begani, na ingawa yeye aliliona jambo hilo kama silika ya kuzaliwa, maelezo yake yenyewe yanaonyesha mafunzo: mzigo mdogo kwanza, safari fupi kwanza, kisha safari ya pwani ambayo kijana alitambuliwa kwayo kuwa mwanamume kamili. Wataalamu wa leo huiita kanuni hiyo uongezaji wa mzigo hatua kwa hatua, wakimaanisha kwamba mifupa, misuli na kano huimarika zikidaiwa kidogo zaidi ya zilivyozoea, na huvunjika zikidaiwa mengi kwa ghafla.

Kabla ya safari mizigo ilifungwa na kugawanywa, na ugawaji huo ulikuwa upimaji wa aina yake, kwa kuwa kila mpagazi alijaribu mzigo kwa kuuinua, akashindana na wenzake juu ya uzito na umbo lake, huku wanyampara, yaani viongozi wa vikundi vya wapagazi, wakiamua nani abebe nini. Pembe kubwa zilichukuliwa na wenye nguvu zaidi, na kazi hiyo ilikuwa sifa. Jambo la kuzingatia ni kwamba aliyepimwa alikuwa na sauti katika kipimo, kwani desturi iliweka kiwango cha mzigo, na tajiri aliyetaka kukipita alikabiliwa na mgomo au na kutorokwa usiku. Mpagazi alijua kwamba bega lake ndilo mtaji wake, akalitetea.

Majeraha ya kazi hii yalianzia miguuni. Miiba, mawe na vidonda visivyopona vilimfanya mtu mwenye mapafu mazima ashindwe kutembea, na katika miaka ya 1890 liliongezeka balaa la funza, kiroboto aliyeletwa Angola kutoka Amerika ya Kusini mwaka 1872, akasambaa barani kwa njia zilezile za misafara hadi pwani ya mashariki, akiingia chini ya kucha na kuozesha vidole. Mtu alipougua njiani, mzigo wake uligawanywa kwa wenzake ikiwa msafara uliweza. Ikiwa haukuweza, aliachwa kijijini, na wengine waliachwa pasipo na kijiji. Tabora iliwafaa wengi kwa sababu mikataba mingi ya wapagazi wa pwani ilikomea hapo na wapya wakaajiriwa kwa sehemu iliyobaki, hivyo pakawa mahali pa kupumzika na kuponya mwili. Mmisionari na mpelelezi Livingstone naye alikaa Kwihara, karibu na Tabora, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akiwangoja wapagazi aliotumiwa na Stanley.

Mwili wa Livingstone umeacha ushahidi wa pekee kuhusu jeraha lisilopimwa vizuri. Mwaka 1844 simba alimvunja mfupa wa juu wa mkono wa kushoto huko kusini mwa Afrika, na mfupa haukuunga sawasawa, ukabaki ukicheza pale ulipovunjika kana kwamba pana kiungo cha ziada. Alipofariki mwaka 1873, watumishi wake Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliuchukua mwili wake kupitia Unyanyembe hadi pwani, na daktari William Fergusson aliutambua London mwaka 1874 kwa mfupa huo. Jeraha lililokuwa na umri wa miaka 30 lilikuwa bado linasomeka.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na upagazi wa masafa marefu ukaanza kufifia, lakini Vita Kuu ya Kwanza iliurudisha kwa nguvu ya dola. Majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yaliiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na pande zote za vita ziliwategemea wapagazi walioandikishwa, wengi wao kwa lazima. Upande wa Waingereza madaktari walikagua waandikishwaji na kuwakataa wengi, lakini ukaguzi huo uliuliza tu kama mtu anafaa kupelekwa. Haukumfuata baadaye kuangalia kama alikuwa bado anafaa kuendelea. Unga usiopikwa ukaiva, kuhara damu, malaria na homa ya mapafu viliwaua waliopasishwa, na hesabu rasmi ya Waingereza ilitaja vifo zaidi ya 40,000. Mkataba wa kimataifa wa kazi namba 50 wa mwaka 1936 ulidai kila mfanyakazi anayeandikishwa apimwe na daktari, na Ofisi ya Kazi ya Mkonge, iliyojulikana kama SILABU, iliyoanza mwaka 1944, iliwachukua manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka magharibi kwenda mashamba ya mashariki. Hata hivyo mwenye kuamua maana ya kipimo aliendelea kuwa mwajiri.

Sayansi ya mzigo nayo ilikua. Mwaka 1901 Zuntz na Schumburg walichapisha Ujerumani uchunguzi wa vijana waliotembea na mizigo ya kilo 22, 27 na 31, mzito zaidi kati yake ukikaribia ule ambao Unyamwezi iliujua kwa desturi. Mwaka 1986 Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walionyesha, kwa kupima hewa ya oksijeni inayotumika mwilini, kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea kubeba waliweza kuchukua hadi sehemu moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu.

Swali hilo la mzigo ndilo linaloulizwa pia michezoni: mchezaji aliyekatika kano ya msalaba ya mbele ya goti, ile inayozuia mfupa wa muundi kuteleza mbele, hupimwa leo nguvu ya paja na umbali anaoruka kwa mguu mmoja, na mguu ulioumia hutakiwa kufikia angalau asilimia 90 ya mzima, ingawa mguu mzima nao hudhoofika wakati wa mapumziko na kipimo kinaweza kudanganya. Utafiti wa Norway na Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kuahirisha kurudi uwanjani, hadi mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya goti kuumia tena kwa takriban nusu. Hapo ndipo historia ya Tabora inapogusa uwanja wa Ali Hassan Mwinyi na kila uwanja wenye ratiba ngumu, kwa maana mechi ya Jumamosi huweza kumgeuza mpimaji kuwa mwandikishaji wa vita. Kwa hiyo uamuzi wa kurudi mchezoni ni wa haki pale tu mchezaji anapoelezwa matokeo yake, anapopimwa tena baada ya kurudi, na anapokuwa na haki ya kuukataa mzigo, haki ambayo wapagazi wa Unyanyembe waliidai na kuipata kabla ya hospitali yoyote kujengwa katika njia ile.