Juu ya nini napenda riwaya za majini na roketi: jibu la mtoto wa Likasi

Kila nikisema kwamba vitabu ninavyovipenda ni vya kutisha, vya njozi na vya sayansi ya kubuni, lazima mtu acheke. "Weye musomi muzima, ungali unasoma mambo ya majini na roketi?" Wengine wanasema kwa upole zaidi: riwaya za namna hiyo ni za wazungu wenye muda wa kupoteza, sisi tuna shida za kweli. Umeme unakatika, diploma iko kabatini, kazi haipatikani.

Sawa. Leo nataka kujibu kwa njia ya historia. Hadithi za aina hizi tatu zote zimekwisha kupita hapa kwetu Katanga, na moja kati yake ilifika mpaka kwenye mawe ya jirani na mji wetu.

Tuanze na za kutisha. Ulaya wana Dracula wao, kitabu cha Bram Stoker cha mwaka 1897: bwana mwenye ngome kubwa, mwenye adabu, anayenyonya damu. Wazee wetu walikuwa na batumbula. Wakati wa Wabelgiji ilisemwa makambini kwamba kuna watu weusi wanaolipwa na wazungu ili wakamate wenzao usiku, na anayekamatwa analishwa mpaka anenepe, halafu analiwa. Ng'ambo ya mpaka, Zambia ya leo, watu hao waliitwa banyama. Kenya na Tanganyika walisema mumiani, Uganda bazimamoto. Mwanahistoria Luise White alizikusanya hadithi hizo katika kitabu chake cha mwaka 2000. Hakuishia kuuliza kama ni kweli ao ni uongo. Aliuliza zinatuonyesha nini juu ya maisha ya watu waliozisimulia.

Basi tuyatazame maisha yenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière iliona ni faida kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake zao. Kampuni inakupa nyumba, inakupa posho, inakupa daktari, inasomesha watoto wako. Inataka uwe na nguvu, maana nguvu zako ndizo inazozihitaji. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai mshahara, na huko Elisabethville askari wakawapiga risasi. Sasa soma tena hadithi ya batumbula: wanatulisha ili watule. Mtu ambaye hakuweza kusema neno hilo mbele ya kapita wake aliweza kulisema usiku, kando ya moto, kama hadithi. Ndiyo sababu katika riwaya za kutisha, mimi napenda zile ambazo zimwi lina nyumba nzuri na linakukaribisha mezani.

Upande wa njozi tuna mamba muntu. Miaka ya 1960 na 1970 picha yake ilitundikwa katika vyumba vingi vya wageni vya miji yetu: mwanamke mwenye nywele ndefu, nusu mtu nusu samaki, amekaa kando ya maji. Hadithi yake mnaijua. Anakupa utajiri wa ghafla, lakini kuna siri ya kuficha na kuna bei ya kulipa, na mara nyingi bei hiyo ni mtu wa jamaa yako. Watu walioishi mahali ambapo mali inatoka ardhini kila siku, lakini haiingii nyumbani, walijiuliza tajiri kaipata wapi mali yake, na nani kalipa. Swali hilo ni zito kuliko mapanga na madragoni ya vitabu vingi vya njozi.

Sasa sayansi ya kubuni, na hapa naomba musome polepole.

Mwaka 1914 Mwingereza H. G. Wells alitoa riwaya iitwayo The World Set Free. Ndani yake aliandika juu ya "mabomu ya atomi" yanayotupwa kwa mkono kutoka katika ndege, yanayoendelea kulipuka siku baada ya siku na kuangamiza miji mizima. Wakati huo hakuna mtu duniani aliyejua kutengeneza kitu kama hicho. Wells hakuwa nabii. Alikuwa amesoma vitabu vya Frederick Soddy juu ya radi, akajiuliza: nguvu hii ikifunguliwa yote mara moja, itakuwaje?

Mwaka uliofuata, 1915, Mwingereza mwingine, Robert Rich Sharp, aligundua urani pale Shinkolobwe, karibu kilomita 20 kutoka Likasi. Mwanzoni dunia ilitaka radi iliyomo ndani ya mawe yale, kwa ajili ya hospitali na maabara. Urani yenyewe haikuwa na wateja wengi.

Mwaka 1932 mwanafizikia mmoja kutoka Hungaria, Leo Szilard, akaisoma riwaya ya Wells. Mwaka uliofuata, akiwa London, akapata wazo la namna atomi moja inavyoweza kufungua nyingine, na nyingine tena, bila kusimama. Mwenyewe alisema baadaye kwamba kitabu kile kilimsaidia kuelewa hatari ya wazo lake. Julai 1939 akaenda kumwona Albert Einstein. Na wasiwasi wao wa kwanza ulikuwa nini? Kongo! Waliogopa kwamba Hitler angechukua urani yetu kupitia Ubelgiji. Barua ambayo Einstein aliitia sahihi tarehe 2 Agosti 1939, kwenda kwa Rais Roosevelt, inataja kwamba chanzo kikubwa kuliko vyote cha urani ni Kongo ya Wabelgiji.

Mengine yanajulikana. Mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe mpaka New York mwaka 1940, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima ikaungua.

Siwaambii kwamba riwaya ndiyo iliyotengeneza bomu. Fizikia, vita na pesa ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Lakini mtu mmoja aliyekuwa na kalamu aliwaza jambo, mwingine akalisoma, na njia ya mawazo yale ikaishia kwenye kilima chetu. Waliochimba kilima kile hawakuambiwa kitu. Barua ya Einstein inataja nchi yao, haiwataji wao.

Na kilima hakijanyamaza. Serikali ilifunga Shinkolobwe kwa amri mwaka 2004, lakini Julai mwaka huohuo shimo likaanguka na kuua watu wasiopungua 8 kati ya wachimbaji wa mikono. Walikuwa wanatafuta kobalti.

Kobalti hiyo ndiyo inayoingia katika betri za simu na magari. Kwa hiyo mahali fulani, Shanghai ao California, kuna mtu leo anayeandika dunia ya mwaka 2060, na dunia yake inakula mawe yetu. Swali langu ni kama ndani ya kitabu chake kuna mtu wa Likasi mwenye jina, anayesema, anayekataa.

Mji huu unaweza. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa hapa mwaka 1941 wakati ukiitwa Jadotville, ndiye aliyeifundisha dunia namna Afrika ilivyobuniwa katika vitabu vya watu wengine. Kama wengine walitubuni jana, wanaweza kutubuni kesho pia.

Kwa hiyo, bandugu wasomi, mukiniona na riwaya ya roketi, musinihurumie. Niko natafuta kama tumo. Na weye mwenye kusoma jeolojia, weye wa udaktari, weye wa sheria: mkitaka kuandika ya kwetu, ukurasa wa kwanza ungeanzia wapi? Shimoni Shinkolobwe, kiwandani Shituru, ao mbele ya picha ya mamba muntu ya nyumbani kwa bibi yako? Niandikieni hapa chini. Nitasoma yote.