Dhamana Haivuki Mto Tana

Ukinunua ngamia katika soko la mifugo la Garissa, hupewi karatasi ya dhamana. Unapewa mtu. Dilaal, yaani dalali kwa Kisomali, husimama kati yako na muuzaji, na akishasema mnyama huyu si wa wizi, neno hilo linamfunga yeye. Mwenye ngamia akitokea kesho kudai mali yake, unajua pa kuanzia. Dilaal yuko sokoni, na asipokuwepo, jamaa zake wapo. Hata kasoro iliyofichwa ina hukumu yake. Fikihi ya Kiislamu, ambayo wafanyabiashara wengi wa huku wamekulia ndani yake, inampa mnunuzi khiyari ya aibu: haki ya kurudisha kitu alichouziwa kikiwa na ila ambayo hakuambiwa. Kiswahili tunasema dhamana, Kisomali wanasema dammaanad, na maneno yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu.

Trekta jipya haliji na mtu. Linakuja na kijitabu. Ndani yake kuna dhamana ya mwaka mmoja, au zaidi kidogo, au idadi fulani ya saa za kazi, na kinachotimia kwanza ndicho kinachohesabika. Trekta halipimwi kwa kilomita kama matatu. Lina mita ya saa, na kila kitu kinaifuata mita hiyo. Sevisi ya kwanza mara nyingi huwa kwenye saa 50 hivi, kwa sababu gia mpya zikianza kusuguana huacha unga wa chuma ndani ya oili, na oili hiyo lazima imwagwe. Ukiruka sevisi hiyo, umejiharibia dhamana. Fundi wa mtaani akifungua mashine, umejiharibia. Ukiweka spea isiyo ya kampuni, hivyo hivyo. Na vitu vinavyolika kwa kazi, kama klachi, breki, mikanda na filta, kwa kawaida havimo kabisa.

Masharti haya yana maana yake. Mtengenezaji hawezi kulipia mashine iliyochokorwa na kila mtu. Shida ni kwamba yameandikwa kwa ajili ya mkulima ambaye karakana ya dila iko mwendo wa nusu saa kutoka shambani. Garissa iko karibu kilomita 370 kutoka Nairobi, na ukifika unavuka daraja la Mto Tana ndipo uingie mjini. Mvua ikizidi, kama Novemba 2023 na tena mwaka uliofuata, mto unamwagika na barabara ya Madogo inazama. Saa za mita zimesimama lakini kalenda ya dhamana inaendelea kukimbia.

Abti yangu, ndugu yake mama, yumo kwenye kikundi cha wakulima kando ya mto. Wanalima tikiti maji, vitunguu na ndizi, na wazee wao walikuwa wafugaji kabla ukame haujawasukuma kwenye jembe. Walichanga miaka, wakakopa kilichobaki, wakanunua trekta jipya Nairobi. Likiwa na saa 63 kwenye mita, mikono ya nyuma inayoinua plau ikaanza kushuka yenyewe, na oili ya haidroliki ikawa inadondoka chini. Sevisi ya saa 50 ilikuwa imefanywa, risiti ipo. Wakapiga simu. Sauti upande wa pili ikawa ya heshima sana: "Dhamana yenu iko sawa, mzee. Lileteni."

Lileteni na nini? Kukodi lori la kubebea mashine kutoka Garissa hadi Nairobi na kurudi ni pesa ambayo hakuna kikundi cha vitunguu kinaiweka kando. Mjini palikuwa na fundi aliyesikiliza dakika tano, akainama chini ya trekta, akasema ni sili tu imekatika. Alikuwa tayari kuibadilisha jioni ile ile. Abti akamwambia, "Walaal, usiguse." Akigusa, dhamana imekwisha, na deni la trekta bado ni bichi. Wakangoja wiki tatu. Msimu wa Gu, mvua zetu za masika, haukungoja nao. Mwishowe fundi wa kampuni akaja kwa basi la usiku, mfukoni ana kipande cha mpira kinachoenea kwenye kiganja, akamaliza kazi kabla ya adhuhuri. Dhamana ilifanya kazi, kwa hesabu ya kampuni. Ardhi iliyokusudiwa kulimwa kwa wiki hizo tatu haimo kwenye hesabu hiyo.

Kipande kile cha mpira ndicho kilichonifanya nianze kusoma historia ya matrekta ya Afrika Mashariki. Nilitaka kujua kama hili ni jambo letu sisi watu wa pembeni, au kama hata wenye nguvu lilishawakuta. Jibu liko Kongwa, katikati ya Tanzania.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Vita vilikuwa vimeisha lakini mgao wa chakula haukuwa umeisha. Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, akapendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukazunguka nchi na kurudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3 kwa miaka sita. Mwaka wa kwanza pekee, ekari 150,000. Kumbuka huyu si mkulima mdogo. Huyu ni serikali ya dola kubwa, yenye waziri wa chakula, John Strachey, akiutetea mradi bungeni.

Lakini matrekta mapya hayakupatikana. Kila nchi ilikuwa inajijenga upya na viwanda vilikuwa vimezidiwa na oda. Kwa hiyo wakanunua mabaki ya vita, mengine kutoka mbali kama Ufilipino, mashine za jeshi zilizokwisha kutumika, za aina tofauti tofauti, spea za moja haziingii kwenye nyingine. Mali ya namna hiyo huuzwa kama ilivyo, na hakuna wa kumrudishia. Yalipita kwenye bandari ya Dar es Salaam iliyojaa hadi shingoni, kisha kwenye reli ya njia moja kwenda bara.

Kongwa yenyewe ikayamaliza. Udongo wake una mfinyanzi unaokauka na kuwa kama saruji wakati wa kiangazi, na ndani yake kuna chembe ngumu zinazosaga chuma kama msasa. Visu vya plau vililika. Mibuyu iligoma kung'oka. Madereva wengi walikuwa wamefundishwa haraka haraka. Kufikia mwisho wa kiangazi cha 1947, theluthi mbili ya matrekta yaliyoingizwa yalikuwa hayafanyi kazi. Mwaka ule wa kwanza zilipandwa ekari elfu chache tu.

Ndipo likaja jaribio ambalo mimi huliona kama trekta jipya la kwanza kushindwa kwa kishindo Afrika Mashariki. Vickers-Armstrongs, kiwanda cha silaha cha Uingereza, kilichukua vifaru vya Sherman, kikaondoa mizinga na kuvigeuza matrekta, kikayaita Shervick: nusu ya jina Sherman, nusu ya Vickers. Kwenye karatasi yalikuwa na nguvu za kutisha. Lakini kifaru kimeundwa kukimbia na kupigana, na kuvuta mzigo mzito polepole kutwa nzima, siku baada ya siku, ni kazi nyingine kabisa. Shervick nayo haikuiokoa Kongwa.

Kisa kinachonichekesha na kunikera kwa pamoja ni cha minyororo. Watu wa shambani waligundua kwamba ukifunga mnyororo mzito kati ya buldoza mbili na kuziendesha sambamba, zinafagia kichaka kizima. Wakaagiza minyororo ya nanga za meli. Ofisi ya London, inasimuliwa, ikaifuta oda hiyo ikidhani ni utani. Nani anahitaji nanga mamia ya kilomita kutoka baharini? Aliyekuwa na jibu alikuwa kwenye vumbi, na aliyekuwa na kalamu alikuwa London. Mradi ulifutwa Januari 1951, baada ya kumeza takriban paundi milioni 36.

Kwa hiyo nilipata jibu langu. Pesa si kinga. Kilichoishinda Kongwa kwenye mashine ni kile kile kilichomweka abti chini ya mwembe wiki tatu: uamuzi wa kutengeneza uko mbali na mahali palipoharibika.

Ukishaliona hili, unaanza kuliona kila mahali. Shuka kusini mwa Garissa ukifuata Tana hadi Bura. Mwaka 1977 Benki ya Dunia ilikubali kuufadhili mradi wa umwagiliaji pale, na familia za kwanza zikaingia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulima pamba. Mpango ulikuwa maji yafike kwa mfereji, yakitelemka yenyewe. Mfereji haukujengwa kwa wakati, na pampu za dizeli za Nanigi, zilizowekwa kwa muda, zikageuka kuwa za kudumu. Pampu ilipokufa, shamba la maelfu ya watu lilikauka kwa kungoja spea na fundi. Mradi ulikusudia hekta 6,700. Zilizoendelezwa zilikuwa karibu 2,500. Watu walikuwa wameletwa kutoka sehemu nyingi za Kenya, na maisha yao yote yalining'inia kwenye mashine ambazo hawakuwa na mamlaka nazo.

Au njoo karibu zaidi kwa miaka. Mwaka 2015 shirika la serikali la Tanzania, NDC, lilitiliana saini na kampuni ya Ursus ya Poland mkataba wa dola milioni 55: matrekta 2,400, vipande vije kutoka Ulaya na kuunganishwa Kibaha, Mkoa wa Pwani. Wazo lilikuwa zuri kweli. Kiwanda kiko nyumbani, kwa hiyo fundi na spea navyo viwe nyumbani. Wakulima wakakopa. Muda si mrefu malalamiko ya matrekta kuharibika mapema yakaanza, yakafika hadi Bungeni Dodoma. Na huko Poland, Ursus yenyewe, kampuni iliyoanza Warsaw mwaka 1893, ikaingia kwenye matatizo ya madeni, na mwaka 2021 ikatangazwa imefilisika. Hapo ndipo unaelewa kwamba aliyekudhamini anaweza kufa kabla ya dhamana yake.

Sasa, mtu ataniuliza, kwani sheria iko wapi? Iko, na si changa. Sheria ya Kenya ya mauzo ya bidhaa ilianza kutumika 1931, ikiwa imechukuliwa kutoka ile ya Uingereza ya 1893. Kifungu chake cha 16 kinasema kwamba ukimweleza muuzaji kazi unayotaka bidhaa ifanye, ukategemea ujuzi wake, na yeye ndiye anayeuza bidhaa za aina hiyo, basi bidhaa hiyo inapaswa kuiweza kazi hiyo kwa kiasi kinachokubalika. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Mahakama za madai madogo zinasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja. Trekta lenyewe linapita hapo, lakini gharama ya kulisafirisha au ya kukodi jingine huenda isipite. Sheria hii ni binamu wa khiyari ya aibu. Tofauti ni kwamba kwenye soko la ngamia huhitaji kupanda basi kumtafuta wa kumshtaki.

Kikundi cha abti sasa kinafikiria trekta la pili, na safari hii vijana wa kikundi ndio wanaoandika. Wanataka kabla ya kulipa waone kwenye mkataba, si kwenye simu: fundi atafika Garissa ndani ya siku ngapi, nani analipa nauli yake, na je, siku ambazo mashine imelala zinarudishwa kwenye dhamana? Wana daftari la mita ya saa, tarehe na oili. Kasoro yoyote inapigwa video siku hiyo hiyo, na malalamiko yanatumwa kwa maandishi. Lakini ombi lao kubwa ni moja, na ndilo ambalo wauzaji wawili tayari wamelikataa: fundi wa Garissa apewe mafunzo na ruhusa ya kampuni, ili akibadilisha sili ya mpira, dhamana ibaki hai.

Wauzaji wanasema soko la huku ni dogo mno kwa jambo hilo. Inawezekana. Abti anasema soko litabaki dogo hivyo hivyo mpaka lifanyike. Muuzaji wa tatu bado hajajibu, na mvua za Deyr ziko njiani.