Nyundo ya Bweranyange na Bomu la Wakubwa

Bweranyange, huko Karagwe mkoani Kagera, ndiko yalikokuwa makao ya watawala wa Wanyambo. Mwaka 1861 Waingereza Speke na Grant walipokewa huko na Omukama Rumanyika. Katika vitu vya enzi vya ufalme ule zilikuwamo nyundo, mikuki, na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Alama za uhunzi zilikuwa alama za utawala, na chuma kilichotoa jembe ndicho kilichotoa mkuki. Silaha, basi, tangu zamani ni jambo la kuulizwa kiongozi.

Tofauti ni kwamba madhara ya mkuki yana mwisho. Hata mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera na kulivunja daraja la Kyaka, vita vilikwisha na watu wakarudi mashambani. Bomu la nyuklia halitoi nafasi hiyo. Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, bomu moja liliua makumi ya maelfu ya watu, na mionzi yake ikaendelea kuua miaka mingi baadaye. Na sehemu kubwa ya madini ya urani ya kazi hiyo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, hapa kwa jirani zetu. Anayesema jambo hili haliihusu Afrika na atazame ramani.

Mwalimu Nyerere aliliona hilo. Tarehe 22 Mei 1984 yeye pamoja na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Miguel de la Madrid wa Mexico, Raúl Alfonsín wa Argentina na Andreas Papandreou wa Ugiriki waliyataka mataifa makubwa yasimamishe majaribio na utengenezaji wa silaha za nyuklia. Januari 1985 kundi hilo likakutana New Delhi. Wakati huo kwetu sabuni na sukari vilikuwa vya kupangia foleni, na ilikuwa rahisi kucheka kwamba maskini anawafundisha matajiri. Lakini vumbi la bomu halipiti ofisi ya uhamiaji. Mwalimu aliacha urais mwaka 1985, kazi hiyo hakuiacha. (India, kwa masikitiko, ililipua mabomu ya majaribio Mei 1998.)

Waliofuata nao walifanya kazi. Tarehe 11 Aprili 1996, mjini Cairo, Tanzania ilitia saini Mkataba wa Pelindaba unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Ulianza kutumika tarehe 15 Julai 2009. Septemba 2019 ikatia saini mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuzipiga marufuku kabisa silaha hizo, ambao una nguvu ya sheria tangu tarehe 22 Januari 2021. Kongo waliuridhia mwaka 2022. Sisi, hadi mwisho wa mwaka 2024, tulikuwa hatujauridhia. Ni kama mtu aliyepeleka posa halafu akanyamaza kuhusu mahari.

Kuridhia mikataba ni kazi ya Bunge, na haihitaji fedha za kigeni. Wabunge wa Karagwe na Kyerwa, ambao wapiga kura wao wanaijua vita kwa macho, wangefaa kusimama Dodoma na kumuuliza Waziri wa Mambo ya Nje: mkataba huo unaletwa lini?