Papwa Sewgolum: Bingwa wa gofu aliyepokewa kombe kwenye mvua

Jina lake kamili ni Sewsunker Sewgolum, lakini watu wa Durban, Afrika Kusini, walimwita Papwa. Alizaliwa katika familia maskini ya Wahindi wa Natal. Wahindi wa kwanza walipelekwa huko kwa meli kuanzia mwaka 1860 kufanya kazi za mkataba katika mashamba ya miwa. Papwa hakujua kusoma wala kuandika. Katika makala hii tunaeleza jinsi alivyofika kileleni, na kwa nini hakuachwa abaki huko.

Kutoka kubeba fimbo hadi kucheza

Tuanze na mchezo wenyewe. Katika gofu, mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni. Uwanja kamili una mashimo 18, na anayemaliza kwa mikwaju michache zaidi ndiye mshindi. Wanaowabebea wachezaji mfuko wa fimbo huitwa makedi. Hata hapa Afrika Mashariki, wachezaji wengi wa kulipwa walianzia kwenye kazi hiyo.

Papwa naye alianza hivyo, akiwabebea Wazungu. Hakuwa na mwalimu, alijifunza kwa kutazama na kujaribu. Ndiyo maana alishika fimbo kinyume na wenzake. Mtu anayetumia mkono wa kulia huweka mkono wa kushoto juu na wa kulia chini. Papwa aliweka wa kulia juu na wa kushoto chini. Walimu wa gofu wangesema amekosea, lakini mpira wake ulikwenda alikotaka.

Ushindi Ulaya

Mmoja wa aliowabebea fimbo alikuwa Graham Wulff, mkemia aliyetengeneza mafuta ya ngozi ya Olay mjini Durban. Wulff aliona kipaji chake, akamsaidia kwenda Ulaya mwaka 1959. Mwaka huohuo Papwa alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi. Alishinda tena mwaka 1960, na mara ya tatu mwaka 1964.

Ulaya alikuwa bingwa. Akirudi nyumbani, sheria za ubaguzi wa rangi zilimwekea mipaka. Sheria ya mwaka 1950 iligawa maeneo ya kuishi na kufanya biashara kwa rangi ya mtu, na viwanja vizuri vya gofu vilikuwa upande wa Wazungu.

Kombe nje ya mlango

Mwaka 1963 Papwa aliruhusiwa kushiriki mashindano ya wazi ya Natal katika klabu ya Durban Country Club. Ruhusa ilikuwa ya kucheza uwanjani tu. Ndani ya jengo la klabu hakutakiwa.

Alishinda. Wakati wa kukabidhi zawadi mvua ilikuwa ikinyesha. Wazungu walikuwa ndani, bingwa akapokea kombe lake nje, akilowa. Picha ya tukio hilo ilizunguka duniani, ikawapa nguvu waliokuwa wakidai Afrika Kusini itengwe katika michezo. Mwaka uliofuata nchi hiyo haikuruhusiwa kushiriki Michezo ya Olimpiki ya Tokyo.

Mwaka 1965 Papwa alishinda tena mashindano hayo ya Natal. Safari hii alimshinda Gary Player, Mzungu wa Afrika Kusini aliyekuwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa duniani. Miezi michache baadaye, Player huyohuyo alitwaa ubingwa wa wazi wa Marekani.

Kunyimwa riziki

Mwaka 1966 serikali ilimpiga marufuku Papwa kushiriki mashindano ya Wazungu, na ikamnyang'anya pasipoti. Hapa inafaa tuelewe mchezaji wa kulipwa anaishi kwa nini. Hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Anakula kutokana na zawadi za mashindano, na asipocheza hapati kitu. Nyumbani mashindano yenye fedha yalifungwa kwake, na bila pasipoti hakuweza kwenda kuyatafuta nje. Papwa alikuwa na mke na watoto. Marufuku ile iliingia mpaka kwenye sufuria ya nyumba yake.

Alifariki dunia mwaka 1978 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa maskini, kabla hajatimiza miaka 50. Ubaguzi ulikuja kung'oka mwaka 1994, miaka 16 baadaye.

Leo Durban ina uwanja wa gofu unaoitwa kwa jina lake. Ni heshima aliyostahili. Tukisikia watu wakisema mwenye kipaji hazuiliki, tumkumbuke Papwa. Kipaji alikuwa nacho, bidii alikuwa nayo, na aliowashinda walijulikana dunia nzima. Kilichomzuia ni sheria iliyoandikwa na watu, na iliyoweza kufutwa na watu.